Mume wangu yuko kwenye kiti cha magurudumu: je, halmashauri itatutengenezea nyumba?

Swali: Mwalimu, habari ya kazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi nje kidogo ya mji wa Busia, upande wa Uganda. Mume wangu alikuwa mpakiaji mizigo hapa mpakani. Miezi minane iliyopita alianguka kutoka juu ya lori la mahindi wakati wanapakia, akavunjika uti wa mgongo, na sasa kuanzia kiunoni kwenda chini hana nguvu wala hisia. Tumerudi nyumbani na kiti cha magurudumu cha msaada. Nyumba yetu ni ya matofali, vyumba viwili, kwenye kiwanja cha baba mkwe. Mlangoni kuna ngazi mbili, choo cha shimo kiko nyuma, na mwanangu wa miaka 12 ndiye humbeba baba yake mgongoni kwenda chooni. Dada yangu anaishi Leicester, anasema huko halmashauri ilimtengenezea jirani yake bafu zima bila kulipa. Mwenyekiti wetu wa LC1 (baraza la kijiji) ananiambia nisubiri pesa za PDM, ule mpango wa maendeleo wa serikali. Mimi nimeweka akiba shilingi 400,000. Je, pesa kama hizo za Uingereza zipo hapa? Nimwone nani, na nianzie wapi?

Jibu: Pole sana, dada. Nianze na jibu fupi ili usikae na matumaini hewa: hapana, hazipo. Hakuna fungu la serikali kuu, la wilaya wala la gombolola (ngazi iliyo chini ya wilaya) lililotengwa kwa ajili ya kurekebisha nyumba ya mtu binafsi mwenye ulemavu. Atakayekuambia lipo na kukuomba hela ya fomu, mfukuze. Lakini kwenye barua yako kuna mambo matatu yanayoweza kukupatia kitu, na moja umelitaja kwa kupita tu, kama vile halina maana. Nitalifikia.

Dada yako hakukudanganya. England wana ruzuku ambayo halmashauri inalazimika kuitoa kwa sheria ya mwaka 1996: hadi pauni 30,000 kwa nyumba moja, na Wales hadi 36,000. Kabla ya kutoa pesa wanamtuma mtaalamu aje aone mtu anavyoamka, anavyojisaidia, anavyooga, ndipo aseme ni nini kibadilishwe. Na si bure kwa kila mtu: mtu mzima hupimwa kipato kwanza, mtoto ndiye hapimwi. Foleni nayo ni ndefu. Ukimpigia dada yako tena, usimwombe habari za hiyo pesa, haivuki bahari. Mwombe kitu kimoja tu, jirani yake apige picha ya bafu lile kutoka mlangoni, umwonyeshe fundi wako. Picha moja ya choo kilichotengenezwa vizuri inamaliza ubishi ambao maneno yangu yote hayataumaliza.

Sasa huku kwetu. Tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2020, iliyochukua nafasi ya ile ya 2006, na tuliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2008. Kwa upande wa ujenzi, macho ya sheria zetu yako kwenye majengo yanayohudumia umma: hospitali, shule, benki, ofisi. Hayo lazima yafikike. Nyumba yako ya vyumba viwili haimo. Ukienda gombolola ukawaambia "sheria inasema mnijengee", ofisa atatabasamu, atakupa kiti, na utarudi nyumbani mikono mitupu.

Kuhusu PDM, mwenyekiti wako anakutakia mema lakini anakuelekeza vibaya. Mpango wa Maendeleo wa Muluka unapeleka shilingi milioni 100 kwa kila muluka (ngazi iliyo chini ya gombolola) kwa mwaka, na sehemu ya kumi ya pesa hizo imetengewa watu wenye ulemavu. Kwa hiyo ndiyo, mume wako ana nafasi yake humo, na jina lake liandikwe leo si kesho. Ila ile milioni moja kwa kaya ni mkopo wa SACCO wenye riba ya asilimia 6 kwa mwaka, na ni wa shughuli inayozalisha: kuku, mboga, nguruwe. Zege halitagi mayai. Nimekuta familia iliyochukua mkopo wa namna hiyo ikamwaga wote kwenye sakafu na rampu. Rampu ilikuwa nzuri kweli, na mwaka wa pili wakauza mbuzi kulipa deni. Chukueni huo mkopo kwa kazi ambayo mume wako anaweza kuifanya akiwa amekaa, halafu faida ndiyo ijenge.

Kuna pia Ruzuku Maalumu ya Taifa kwa watu wenye ulemavu. Hii si mkopo, lakini inatolewa kwa kikundi na si kwa mtu mmoja, hadi milioni 5 kwa kikundi, na nayo ni ya mradi wa kuingiza kipato. Ofisa wa maendeleo ya jamii wa gombolola, yule mnayemwita CDO, ndiye anayejua vikundi vilivyopo karibu nanyi. Afadhali mjiunge na kilichokwisha kuzoeana kuliko kuanzisha kipya kwa haraka cha watu wasiojuana, maana vikundi vya namna hiyo huvunjika siku pesa inapoingia. Na kama baba mkwe ametimiza miaka 80, ulizia zile shilingi 25,000 za serikali kwa wazee za kila mwezi. Si zako, lakini ni pesa ndani ya boma moja.

Sasa lile jambo ulilolipita. Umesema mume wako alianguka akiwa juu ya lori, kazini, akipakia mahindi. Lori lilikuwa la mtu. Mahindi yalikuwa ya mtu. Kuna mtu aliyekuwa akimlipa. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi inamtaka mwajiri amlipe mfanyakazi aliyeumia akiwa kazini, na kwa yule ambaye hataweza tena kufanya kazi yoyote, kiwango ni mapato ya miezi 60. Hebu piga hesabu: kama wastani wake ulikuwa 300,000 kwa mwezi, hiyo ni milioni 18. Hapo kuna rampu, choo, kitanda, ada za shule, na chenji ikabaki. Hakuna gombolola litakalokupa hata robo yake.

Najua utakachosema, kwamba wapakiaji hawana mikataba, wanalipwa kwa gunia. Najua pia kwamba tajiri wa mahindi huwa ana jibu tayari: "huyu simjui, alikuja asubuhi ile tu." Kutokuwa na karatasi hakumfanyi mtu asiwe mfanyakazi. Kinachotakiwa ni kuonyesha kwamba alikuwa akifanya kazi ya biashara ya yule mtu na analipwa naye. Kwa hiyo fanya hivi wiki hii hii. Tafuta wenzake wawili au watatu waliokuwepo siku ile, waandike walichokiona, waweke sahihi na namba ya kitambulisho. Fungua simu ya mume wako utafute ujumbe wa mobile money: aliyekuwa akimtumia malipo ana jina pale, na tarehe, na kiasi. Chukua karatasi ya hospitali ya siku ya kulazwa. Halafu beba vyote uende wilayani kwa ofisa wa kazi. Si gombolola, si polisi. Ofisa wa kazi wa wilaya. Sheria inataka mwajiri apewe taarifa ndani ya mwezi mmoja, na ninyi mmepitisha, lakini kuchelewa hakuui dai pale ambapo mwajiri mwenyewe alijua ajali ilipotokea. Kama alikuja hospitali hata mara moja na mfuko wa machungwa, alijua. Nani alimwona siku hiyo? Mwandike huyo pia.

Jambo moja la kuchunga. Tajiri akisikia mmekwenda wilayani anaweza kuja nyumbani usiku na bahasha ya laki tano na karatasi ya kutia sahihi. Msitie sahihi kitu chochote ambacho ofisa wa kazi hajakisoma. Pokeeni chai, pokeeni pole, karatasi ikae.

Hilo linaweza kuchukua miezi, hata mwaka na zaidi, kwa hiyo tusilisubiri. Turudi kwa halmashauri, maana nimesema haitengenezi nyumba yako, sikusema haina kazi kwako.

Ninachowaambia watu siku zote ni hiki: halmashauri haimwagi zege ndani ya ua wa mtu, lakini kila kilicho nje ya ua ni chake. Mtaro unaokatiza mbele ya nyumba, njia ya kwenda kwenye pampu ya maji, jukwaa la pampu yenyewe, choo cha kituo cha afya, daraja dogo la miti ambalo kiti hakiwezi kulivuka. Mume wako atatoka nyumbani aende wapi kama mtaro wa barabarani una kina cha goti? Nimeona rampu nzuri ya mlangoni inayomfikisha mtu kwenye tope. Kwa hiyo ombi lako kwa gombolola liwe la vitu ambavyo gombolola lina ruhusa ya kutumia pesa juu yake. Pesa za maendeleo zinazotoka serikali kuu chini ya jina DDEG, na mapato ya ndani, haziingii kwa urahisi kwenye nyumba ya mtu, lakini kalvati linaingia bila mkaguzi wa hesabu kukunja uso.

Mapato ya ndani yana kitu ambacho wenyeviti wengi hawakisemi. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa, gombolola la kijijini hubaki na asilimia 65 ya mapato yanayokusanywa hapo, na robo ya kiasi hicho inapaswa kurudi kwenye vijiji. Mara nyingi hufika kidogo, mara nyingine haifiki kabisa. Lakini ukisimama kwenye mkutano wa kijiji ukauliza kwa adabu, "Bwana mwenyekiti, ile robo ya kijiji mwaka huu imefika?", utaona watu wote wanageuza shingo. Hiyo ni pesa ambayo baraza la kijiji linaweza kukaa na kuipangia, na mifuko minne ya saruji kwa jirani aliyeumia si jambo la kushangaza mtu.

Watu wa kuwaona, kwa mpangilio huu. Mwenyekiti wa LC1 kwanza, kwa barua ya utambulisho yenye mhuri. Bila hiyo kila ofisi itakurudisha kwake. Kisha mkuu wa muluka, aandike jina la mume wako kwenye orodha. Kisha CDO. Na hapo usiishie. Kila baraza la gombolola na la wilaya lina madiwani wawili wanaowakilisha watu wenye ulemavu, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Hawa makansala ndio wanaokaa kwenye kikao cha bajeti, CDO hapigi kura. Mtafute yule mwanamke, mwalike nyumbani, aone kwa macho yake mtoto wa miaka 12 akimbeba baba yake. Usimwandalie chakula kikubwa wala hotuba. Aone tu.

Wakati nao una maana. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, lakini mazungumzo ya bajeti hufanyika mapema, Oktoba na Novemba. Anayekwenda gombolola mwezi Mei anakuta mkate umeshakatwa.

Barua yenyewe iwe fupi. Nilipokuwa nikipokea barua hizi, zilizoandikwa "naomba msaada wowote mtakaojaliwa" nilikuwa nazisoma kwa huruma na kuziweka kwenye faili, maana sikujua nizifanyie nini. Iliyoniamsha kwenye kiti ilikuwa inafanana na hii: "Tunaomba kalvati moja la upana wa sentimita 60 na murramu ya kujaza mita 14 kutoka barabarani hadi kwenye ua wetu, ili mgonjwa wa kiti cha magurudumu aweze kufika kituo cha afya. Familia imeshachimba njia na kukusanya mawe. Majirani sita wamekubali kufanya kazi siku mbili." Ukurasa mmoja, na picha mbili zilizopigwa kwa simu, na nakala ya barua ya hospitali. Ofisa anaweza kuinakili moja kwa moja kwenye mpango wake. Mkono mtupu haulambwi, na hapa si lazima uwe mkono wenye pesa, hata wenye mawe unatosha. Peleka nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa uondoke nayo. Wakikaa kimya, Sheria ya Kupata Habari ya 2005 inawapa siku 21 za kujibu ukiwauliza kwa maandishi pesa fulani ilikwenda wapi. Itumie mwisho, na kwa upole. Bado unaishi kijiji kimoja na hao watu.

Basi, zile 400,000.

Kila mtu atakushauri uanze na rampu ya mlangoni, kwa sababu inaonekana, na wageni wataisifu. Mimi nakuambia uanze na choo. Mwanao wa miaka 12 ana mgongo unaokua, na baba anayebebwa na mtoto wake kwenda chooni hupunguza kula na kunywa maji ili asiende. Asiyekunywa maji, na uti wake umevunjika, anapata maambukizi ya kibofu, na kitakachomrudisha hospitali ni hicho, hata siku moja haitakuwa ngazi.

Huhitaji choo kipya leo. Pata kiti imara cha plastiki, kile cha mikono, usichukue chepesi kinachopinda. Kata tundu la mviringo katikati, weka ndoo yenye mfuniko chini yake. Na hapa naomba usome polepole: mume wako hana hisia. Ukikata plastiki kwa kisu cha moto inaacha ukingo mkali, yeye hatausikia, na ndani ya siku chache ana kidonda kwenye makalio ambacho kitachukua miezi kupona au kisipone. Sugua ukingo kwa msasa, kisha uuzungushie mpira wa ndani wa baiskeli, tabaka mbili, ufunge vizuri. Pitisha kiganja chako mwenyewe mzunguko mzima. Popote unapohisi mkwaruzo, rudia. Asikae hapo zaidi ya dakika kumi. Na hata kwenye kiti cha magurudumu ajinyanyue kwa mikono kila nusu saa, kitandani ageuzwe kila baada ya saa mbili, na kila jioni uangalie ngozi yake kwa taa: kiuno, makalio, visigino. Doa jekundu lisiloondoka ukilibonyeza ni dalili. Asilikalie wala kulilalia mpaka liishe. Nimezika watu waliokuwa na rampu nzuri.

Kitanda kiwe na urefu sawa na mto wa kiti cha magurudumu, hapo atahama mwenyewe kwa mikono. Ni kazi ya matofali manne chini ya miguu ya kitanda, au msumeno dakika tano. Haina gharama na inampa mtu nusu ya uhuru wake. Sijui kwa nini hospitali hazisemi.

Choo cha kudumu kitakuja pesa ikipatikana, na kikija kiwe karibu na nyumba, ardhi ikiruhusu. Ndani pabaki nafasi wazi ya mita moja na nusu kwa mita moja na nusu ili kiti kigeuke, mlango wa sentimita 90 unaofungukia nje. Kikalio cha kujengwa kiwe urefu wa sentimita 45 hadi 50, na fundi asikiweke katikati. Akisogeze upande mmoja, upande wa pili kiti cha magurudumu kiingie kikae sambamba. Bomba la chuma la kushikia lifungwe ukutani juu kidogo ya kikalio, kwa skrubu ndefu. Mwambie fundi aning'inie kwa uzito wake wote kabla hujamlipa. Juu ya zege weka kikalio cha plastiki cha dukani.

Mlango wa nyumba. Usikisie, pima. Chukua tepu, pima kiti cha magurudumu kutoka pete ya nje ya gurudumu moja hadi nyingine, uongeze vidole vya mtu anayeyasukuma. Vingi ni sentimita 60 hadi 70, kwa hiyo uwazi wa 80 ndio wa chini kabisa. Kama mlango wako ni finyu kwa sentimita tatu au nne tu, usibomoe ukuta: ng'oa mlango wa ndani, weka pazia. Ule wa nje uhamishie bawaba ili ufunguke mpaka mwisho, ubao wake usikae ndani ya uwazi. Kizingiti cha saruji kipigwe patasi.

Kisha rampu. Kanuni ni moja kwa kumi na mbili: kila sentimita moja ya kupanda inataka sentimita 12 za kwenda mbele. Ngazi zako mbili, tuseme kila moja ni sentimita 17, ni 34 jumla. Mara 12 ni 408, mita nne na ushee. Najua inaonekana ndefu mno kwa ngazi mbili, na fundi atakucheka. Atataka kuweka mita moja na nusu. Rampu ya mita moja na nusu kwa kimo hicho ni Mlima Elgon. Ukimsukuma mume wako juu utaanguka naye, na akishuka peke yake atafikia barabarani. Kama ua hautoshi, ikunje kona, na hapo konani uweke uwanja tambarare wa mita moja na nusu kila upande. Ukiwa na msukumaji kila mara, moja kwa kumi inavumilika. Mwinuko mkali kuliko huo usikubali.

Upana mita 1.2, kingo za pembeni zinyanyuke sentimita 10 ili gurudumu lisichomoke. Ndani jazeni mawe na vifusi vilivyoshindiliwa, juu zege la sentimita 8. Kwa kipimo hicho, pamoja na uwanja wa mlangoni na kuta za pembeni, unatafuta mifuko 6 au 7 ya saruji, mchanga, kokoto na siku mbili za fundi. Huna haja ya kuifanya sasa. Kwa sasa majirani wajenge ya mawe na murramu iliyomwagiwa maji na kushindiliwa, kwa vipimo vile vile, na mfereji pembeni wa kupitisha maji ya mvua. Itavumilia misimu kadhaa kama mnairekebisha, na siku ya zege itakuwa msingi wenu tayari.

Kuhusu kiwanja cha baba mkwe: mwambie mzee kabla ya jembe la kwanza, mbele ya mashemeji, na mwenyekiti aandike mistari miwili kwamba amekubali. Nimeona rampu ikibomolewa baada ya msiba kwa sababu shemeji alisema inakula njia ya ng'ombe. Na kwa wasomaji wanaopanga: hayo hayo, ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi kabla ya kugusa ukuta, na mkubaliane mapema nani atairudisha kama ilivyokuwa siku ya kuhama.

Kiti chenyewe ni cha msaada, kwa hiyo huenda hakikupimwa kwa mwili wake. Kikiwa kipana mno anainama upande mmoja, na upande huo ndio utakaotoa kidonda. Mkipata nafasi ya kwenda Mbale, karakana ya viungo kwenye hospitali ya rufaa wakiangalie. Chama cha UNAPD, kinachoshughulika na ulemavu wa viungo na ambacho kilishiriki kuandaa viwango vya ujenzi vya 2010, kinafikika kupitia umoja wa watu wenye ulemavu wa wilaya. CDO ana namba yao.

Ukishapima, niandikie namba nne tu: kimo cha ngazi zote mbili, uwazi wa mlango wa nje, upana wa kiti, na umbali kutoka mlangoni hadi mwisho wa ua. Nitakuchorea rampu kwenye karatasi moja ambayo fundi yeyote ataisoma. Na ukienda kwa ofisa wa kazi, nenda na shahidi mmoja, asubuhi na mapema, kabla hajatoka kwenda uwandani.